Barua kwa mwanangu: mashini ya Mwambuyi

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinifikia Alhamisi, na jana dada yako akanisomea tena kwa sauti maana miwani yangu imevunjika mguu. Unasema huko kazini kwako Marekani watu wawili nusura washikane mashati saa ya kula. Mmoja anasema majimbo ya kusini yalijitenga kwa sababu ya utumwa, mwenzake anasema hapana, yalikuwa yanatetea haki za majimbo. Wakakugeukia wewe: kwenu Katanga, huko Kongo, mlijitenga pia, hebu sema. Ukakosa la kusema, ukaniletea mimi.

Ya Wamarekani nayajua kwa papa yako tu, aliyekuwa akiandaa masomo yake kwa sauti huku mimi napika. Lincoln, aliyepinga utumwa usienee, alichaguliwa rais Novemba 1860. South Carolina, jimbo la kusini, ikatoka tarehe 20 Desemba, yeye hajakalia hata kiti. Aprili 1861 mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter, vita vikaanza. Papa yako alikuwa akiwaambia wanafunzi: mtu akihama nyumba, soma karatasi aliyoiacha mezani. Na South Carolina iliacha karatasi. Ndani yake inalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Basi hapo nani alikuwa anatumia haki ya jimbo, na nani alikuwa anataka anyimwe mwenzake? Lakini sitoi hukumu, mimi sikuwepo. Waambie wakaisome ile karatasi, halafu wamalize chakula chao.

Nitakuambia ya hapa. Unajua nasema nini siku zote: ukitaka kujua nchi itavunjika lini, angalia watu wameanza kuhesabiana lini.

Hapa walianza Desemba 1957, Wabelgiji walipoturuhusu kuchagua wakubwa wa komini, yaani mitaa ya mji. Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikapiga kura, na kura zilipofunguliwa viti vikubwa vya komini za watu weusi vikaenda kwa watu waliotoka nje, hasa Kasai, jimbo la jirani. Mwaka uliofuata ikazaliwa CONAKAT, chama cha Tshombe, cha "wenyeji halisi". Neno hilo "halisi" ndilo hesabu yenyewe. Mei 1960 CONAKAT ikapata viti 25 kati ya 60 katika baraza la Katanga, na sisi wa BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga, na wenzetu tukapata 23. Watu wetu wakasusa kikao ili serikali isiundwe, Brussels wakabadilisha sheria, ikaundwa bila sisi. Tarehe 11 Julai, siku kumi na moja baada ya uhuru, Tshombe akatangaza Katanga ni nchi. Alisema anakimbia fujo. Labda. Askari walikuwa wameasi kweli, na watu walikuwa na hofu kweli. Lakini kodi ya Union Minière, kampuni ya shaba, ilikimbia pamoja naye, na sijaona mtu anayekimbia moto akakumbuka sanduku la pesa kwanza.

Mtu ataniambia, mama, hata wewe unahesabu vipande vya nyama kabla ya kupakua. Ni kweli. Na shaba ilitoka kwetu, hilo pia ni kweli. Vijana wa huku waliona wageni wanapewa kalamu na wao wanapewa koleo, ikawauma. Lakini hao wageni hawakuja kwa miguu kuiba. Kampuni za wazungu ndizo zilizokwenda kuwatafuta hadi Kasai, na tangu 1928 reli ya kampuni ya BCK, ilipofika Port-Francqui huko Kasai, ikawa inawashusha hapa. Sasa kosa la nani? La aliyeita, la aliyeitika, au la aliyekuta kiti kimekaliwa? Naligeuza swali hili kila nikikosa usingizi, na kila usiku linaangukia upande mwingine.

Sisi hesabu ilitupata 1961. Sisi Waluba wa Katanga hii hii! Kaskazini watu wa Sendwe, mkubwa wa BALUBAKAT, walikuwa wanapigana na askari wa Tshombe, kwa hiyo mjini kila Muluba akawa adui, wa Katanga na wa Kasai sawasawa. Nilikuwa na miaka tisa. Babu yako alitutoa usiku, tukakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, makumi ya maelfu ya watu, vibanda vya magunia na majani. Unaijua hadithi ya sufuria, bibi yako aliwachosha nayo. Januari 1963 kujitenga kulipokwisha tukarudi nyumbani, na bibi yako akaikuta sufuria yake inachemka kwenye moto wa jirani. Hakusema kitu. Alisalimia tu, akaangalia, akapita. Niliapa siku ile kwamba mimi kitu cha mtu aliyefukuzwa sitakigusa.

Ndiyo maana nataka nikuambie habari ya mashini ya kushona. Hii hii uliyoshonewa mashati meupe ya shule. Mliambiwa nilinunua, na nilinunua kweli.

Agosti 1992 tulikuwa Likasi, mji mwingine wa Katanga. Kinshasa, Konferensi ya Taifa, mkutano wa kupanga nchi upya, ilikuwa imemchagua Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz, mtu wa huku. Likasi ikaanza kuhesabu upya. Wakubwa wakasimama juu ya majukwaa wakawaita watu wa Kasai bilulu, wadudu. Vijana wakawa wanapita parsele kwa parsele, nyumba kwa nyumba: huyu wa wapi, baba yake alizaliwa wapi. Na safari hii, mwanangu, sisi tulikuwa ndani ya hesabu. Waluba wale wale! Waliotufukuza 1961 sasa walituita ndugu. Walipofika kwetu walisalimia, wakaenda mlango wa pili, kwa jirani yetu Mwambuyi, Mkasai.

Unamkumbuka? Ulikuwa na miaka minane, ulicheza na mapasa wake, Mbuyi na Kabanga. Sisi pacha wa pili tunamwita Kabange, wao Kabanga. Herufi moja. Mwambuyi mwenyewe alizaliwa Likasi, na mama yake alizaliwa Likasi. Kasai alikuwa hajaiona hata kwa picha.

Akaja asubuhi moja na mashini kichwani, imefungwa kikwembe, kitenge chake. Akaiweka mezani, akataja bei. Bei ilikuwa ndogo, ya mtu anayetafuta pa kupata unga wa njiani. Nami nikapunguza.

Unasikia? Nikapunguza. Sikukusudia. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama sokoni, mtu akisema kumi unasema sita. Yeye akanyamaza kidogo, akasema haya. Nikampa zairi, pesa yetu ya wakati ule, na unazijua zilivyokuwa: za kununua gunia leo, kesho zinanunua kopo. Akafungua kikwembe, akakikunja, akajitupia begani, maana kikwembe hakikuwa katika bei.

Papa yako alirudi kutoka shuleni akaiona. Aliuliza bei, nikamwambia. Bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari, hakula. Aliuliza neno moja tu: "Na ile sufuria, mama yako waliinunua bei gani?" Tulikaa wiki nzima hatuzungumzi. Hata leo sijui kama alikuwa na haki ya kusema vile. Nisingeinunua mimi, mwingine angeichukua bure, na Mwambuyi angeondoka mikono mitupu. Hilo nimejiambia mara elfu. Lakini kununua si kupunguza.

Wiki hiyo ilipokwisha nilipika bukari na samaki, nikaenda stesheni. Sitakueleza yote. Maelfu ya watu wamelala nje, kila familia na kabati lake na kuku wake, wanangoja treni ya Kasai. Reli ile ile iliyowaleta babu zao. Kulikuwa na vikohozi kila upande, na watoto wadogo walikuwa wanakufa. Niliwakuta nyuma ya ukuta wa bohari. Kabanga alikuwa na homa, amefunikwa kile kikwembe. Mwambuyi akapokea chakula, akawagawia watoto, akanawa mikono. Halafu akaniuliza:

"Mashini inaruka uzi?"

Nikasema inaruka.

"Kaza ile skrubu ndogo ya kushoto. Nusu mzunguko tu, ukizidisha uzi unakatika." Akanionyesha kwa vidole, hewani, mara mbili, mpaka aliporidhika kwamba nimeelewa.

Siku nyingine nilipokwenda hawakuwepo. Treni ilikuwa imepita.

Kwa hiyo hao wenzako wawili, sijui. Najua swali lao ni la wakubwa: serikali ilitaka nini, karatasi ilisema nini. Karatasi ina maana, papa yako alikuwa sawa, na kama ungenibana kabisa ningekuambia mmoja wao anajua ukweli na anaukwepa, na unajua ni yupi. Basi, nimeshasema, na nilikuwa sitaki kusema. Lakini mimi karatasi hazikunitisha. Walionitisha ni vijana wawili mlangoni na daftari la shule, kalamu imefungwa uzi, waliosoma jina letu, wakatabasamu, wakapita. Na mimi nikashukuru Mungu.

Mashini bado iko hapa, dada yako anashonea majirani. Haijaruka uzi tangu 1992.

Mbuyi na Kabanga sasa wana umri wako. Wewe uko na intaneti, na huko kanisani kwenu unasema Wakasai ni wengi. Ulizia. Taja Likasi, taja mama yao alikuwa fundi wa kushona na baba yao alifanya kazi ya reli. Kama Kabanga alipona, uniambie siku hiyo hiyo, hata kama huku ni usiku. Lakini habari ya mashini usiitaje. Hiyo niachie mimi.

Mama yako