Joe Negri, gitaa la jazi na kipindi cha watoto: jinsi ya kupiga melodi na kodi kwa pamoja

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: yule mzee wa gitaa kwenye klipu za kipindi cha watoto cha Marekani ni nani na anapigaje melodi na kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) kwa wakati mmoja, na kama mtoto wa miaka 7 anaweza kuanzishwa njia hiyo. Wachangiaji waliotangulia wamekuambia "sikiliza sana". Ni kweli, ila haitoshi.

Huyo ni Joe Negri, mzaliwa wa Pittsburgh, Pennsylvania, 1926. Kipindi ni Mister Rogers' Neighborhood cha Fred Rogers, kilichorekodiwa kituo cha televisheni cha WQED mjini humohumo na kuanza kurushwa nchi nzima Februari 1968 hadi Agosti 2001. Negri alikuwa na nafasi mbili mle ndani. Kwenye nchi ya kufikirika ya vikaragosi alikuwa fundi wa kazi zote wa Mfalme Friday XIII, na upande wa pili alikuwa na duka lake la muziki ambako Rogers alikuwa akipita kumtembelea. Nje ya kipindi aliongoza muziki kituo cha televisheni cha WTAE kwa miaka mingi, akafundisha gitaa la jazi vyuo vikuu vya mji huo, Duquesne kikiwemo, na akaandika kitabu cha mafunzo ya gitaa la jazi.

Watu wanashangaa mpiga gitaa wa kiwango hicho alifuata nini kwenye kipindi cha watoto wadogo. Jibu ni Pittsburgh yenyewe. Mji huo wa viwanda vya chuma ndio uliowatoa Erroll Garner, Art Blakey, Ahmad Jamal na George Benson, kwa hiyo wanamuziki wazuri hawakuwa wa kutafutwa kwa tochi. Rogers naye alisomea utunzi wa muziki chuoni na nyimbo za kipindi alitunga mwenyewe. Muziki ulipigwa moja kwa moja studio wakati wa kurekodi: Johnny Costa kwenye piano, Carl McVicker kwenye besi, Bobby Rawsthorne kwenye ngoma. Msikilize Costa nyuma ya maongezi, utasikia jazi kamili, haijapunguzwa kwa sababu wasikilizaji ni watoto. Negri hivyohivyo. Kilichopunguzwa ni idadi ya nota tu, na hapo ndipo pa kujifunza kwake: melodi inasikika kwanza, kodi zinakaa chini yake.

Sasa tushike gitaa. Waya wa 1 ni ule mwembamba, wa 6 ni ule mnene. Freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo, na vinahesabiwa kuanzia upande wa kichwa. Chukua mwendo ambao nyimbo nyingi za jazi zinapitia, kodi ya pili, ya tano, kisha ya nyumbani, zikihesabiwa kwa nota za ngazi ya wimbo. Kwenye ngazi ya C ni Dm7, G7 na C. Melodi yetu iwe nota tatu zinazoshuka, F, E, D, zote kwenye waya wa 2.

Dm7: waya wa 5 freti ya 5 kwa kidole cha kati, waya wa 4 freti ya 3 kwa kidole cha shahada, waya wa 3 freti ya 5 kwa kidole cha pete, waya wa 2 freti ya 6 kwa kidole kidogo. Waya wa 6 na wa 1 havipigwi.

G7, ambayo kwa kuwekewa E juu inakuwa G13: waya wa 6 freti ya 3 kwa shahada, waya wa 4 freti ya 3 kwa kidole cha kati, waya wa 3 freti ya 4 kwa pete, waya wa 2 freti ya 5 kwa kidole kidogo. Waya wa 5 unyamazishwe kwa ncha ya shahada, iuguse tu bila kuukandamiza.

C, yenye B ndani na D juu, yaani Cmaj9: waya wa 5 freti ya 3 kwa kidole cha kati, waya wa 4 freti ya 2 kwa shahada, waya wa 3 freti ya 4 kwa kidole kidogo, waya wa 2 freti ya 3 kwa pete.

Angalia kinachotokea kutoka kodi ya kwanza kwenda ya pili. Pete na kidole kidogo havinyanyuki. Vinateleza freti moja kurudi nyuma. Kwenye waya wa 4, F inabaki palepale, kinachobadilika ni kidole. Sikio linasikia nota mbili zikishuka hatua ndogo huku nyingine imetulia, ndiyo maana inasikika laini. Anayenyanyua mkono mzima na kuutua upya kila kodi ataacha tundu la ukimya katikati, na hata piki (kile kibao cha kuchokolea waya) ya dhahabu haitaliziba. Kodi ya pili kwenda ya tatu ni kazi zaidi, kwa sababu pete na kidole kidogo vinabadilishana waya. Fanyia mazoezi badiliko hilo peke yake, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa kwenye mapigo 50 kwa dakika, kodi moja kila mapigo manne. Usipandishe hadi 60 kabla nota zote nne hazijalia bila kukwaruza.

Mkono wa kulia ndio unaoharibu watu wengi. Mpiga solo wa dansi amezoea kuchokoa nota mojamoja, kali na kavu, na akikutana na kodi ya nota nne anaikwangua kama mpiga rithimu, melodi inazama. Kuna njia mbili. Ya kwanza, teremsha piki taratibu kutoka waya mnene kwenda mwembamba na uisimamishe kwenye waya wa 2, ili nota ya mwisho kusikika iwe ya melodi, na iwe na nguvu kuliko zilizotangulia. Ya pili, shika piki kwa dole gumba na shahada, ipige waya mnene kuliko zote wa kodi hiyo, na papo hapo kidole cha kati, pete na kidole kidogo vichokoe zile tatu nyembamba. Kwenye G13 njia ya pili ni salama zaidi, maana waya wa 5 haupigwi kabisa.

Usiweke kodi chini ya kila nota. Hilo ndilo kosa namba moja la mtu aliyetoka kujifunza kodi mpya, anataka zote zionekane. Weka kodi pigo la kwanza, pengine na la tatu, na nota zilizo katikati zipigwe peke yake. Kama ndani ya bendi kuna besi, acha kabisa waya wa 5 na wa 6. F, C, F halafu F, B, E halafu E, B, D kwenye waya za 4, 3 na 2 zinatosha. Ukiendelea kupiga mizizi ya kodi (nota zinazozipa kodi majina) chini, wewe na mpiga besi mtakuwa mnatwangana vidole.

Kabla ya kuhamishia wimbo wowote kwenye gitaa kwa njia hii, tafuta nota yake ya chini kabisa na ya juu kabisa. Sehemu kubwa ya melodi ikiangukia waya wa 3 na wa 4, huna pa kuweka kodi. Hamisha ufunguo (ngazi ya wimbo, kama C au D) hadi nota nyingi ziwe kwenye waya wa 1 na wa 2. Maumbo niliyoyatoa yanahama bila kubadilika: sogeza yote freti mbili juu, uko kwenye D.

Sauti ile nene ya mviringo haihitaji gitaa la bei. Tumia pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya upande wa shingo, toni punguza hadi karibu nusu, amplifaya isiwe na ukali wowote, trebo chini, mwangwi kidogo. Wapigaji wengi wa jazi hufunga waya laini zisizo na mikwaruzo, seti inayoanzia 12, yaani unene wa waya wa 1 kwa sehemu za elfu za inchi. Ukizifunga kwenye gitaa lililokuwa na seti ya 9, mvuto unaongezeka na shingo itapinda mbele, waya zitakaa juu. Chuma cha ndani ya shingo lazima kikazwe kidogokidogo, robo mzunguko kwa mara moja. Mifereji ya kichwani nayo itakuwa myembamba, waya zitakwama na gitaa halitatulia kwenye tuni. Kama fundi hayupo karibu, ishia kwenye 11.

Kuhusu mtoto wa miaka 7: ndiyo, lakini si kwa gitaa lako. Mpe la nusu au robo tatu, la waya za nailoni, na tumia waya tatu nyembamba tu, wa 1, wa 2 na wa 3. Waya wa 2 freti ya 1, nyingine mbili wazi, ni C. Waya wa 1 freti ya 3, nyingine wazi, ni G. Shusha kidole hadi freti ya 1 ya waya huohuo, ni G7. Kidole kimoja kwa kila kodi. Aimbe wimbo anaoujua kwanza bila gitaa hadi akae kwenye mapigo, ndipo apige kodi moja kwa kila kipimo (kundi la mapigo, mara nyingi manne) huku anaimba. Dakika 10 hadi 15 kwa siku, na vidole vikianza kuuma mwache aimbe tu, wewe ndiye upige.