Digadi moja, madigadi mawili: nimeharibu lugha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki, juzi nimemwandikia mteja kwenye risiti "digadi 1", akanicheka mbele ya watu, eti hakuna neno digadi, ni madigadi tu, manake Kiingereza ni "mudguard", kwa hiyo nimeharibu lugha mbili kwa mpigo. Niandikeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Andika digadi, na wala usione haya.

Mteja wako yuko sahihi kwamba neno limetoka kwa "mudguard", yaani kinga ya tope, na hiyo "ma" ya mwanzo kwa Kiingereza haina habari yoyote na wingi. Lakini sikio la Mswahili likisikia madigadi, hapo hapo linayaweka kundi moja na matairi, madirisha, magari, na kama tairi ni moja basi na digadi ni moja. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo, ni lugha yenyewe ilivyo. Kipilefti nacho ni hivyo hivyo: ilikuwa amri ya Kiingereza kwa madereva, "keep left", pita kushoto, watu wakaifanya ndo jina la mzunguko wenyewe, halafu "ki" ikasikika kama ki ya kiti na leo tunasema vipilefti bila hata kufikiri.

Na anayekataa digadi itabidi akatae na vitabu. Kitabu ni Kiarabu, ile k ni ya mzizi kabisa, ndo maana iko kwenye katibu, maktaba, mkataba, na wingi wake kwa Waarabu ni kutub. Sisi tukaikata k tukaweka v, na hakuna mwalimu hata mmoja anayekosoa vitabu kwenye daftari la mwanafunzi.

Sasa hao Waingereza wenyewe je? Hapa ndo nataka usikilize vizuri. Zamani njegere kwao iliitwa "pease", hata ikiwa punje moja, ile s ilikuwa sehemu ya neno tangu kwenye Kilatini "pisum". Lakini wingi wao unakaa mkiani mwa neno, s, kama wetu unavyokaa kichwani, kwa hiyo watu wakasikia s wakadhani ni nyingi, wakaikata, na kufika miaka ya 1600 ikazaliwa "pea". Ni digadi kabisa hiyo, ila wao wamekata mkia sisi tumekata kichwa! Neno la tunda la "cherry" nalo lilikuja na Wanormani, wale watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, likiwa "cherise", s ikaondoka kwa njia hiyo hiyo.

Ninayoipenda zaidi ni aproni. Ilikuwa "napron", ukisema moja unasema "a napron", ukisema haraka n inahamia nyuma inakuwa "an apron", na n haikurudi tena. Mzizi wake ni neno la Kifaransa la kitambaa cha mezani, na mzizi huo huo ndo umezaa "napkin", na kutoka "napkin" tukapata nepi, kwa hiyo aproni ya mpishi na nepi ya mtoto ni ndugu wa damu, mmoja tu kapoteza n njiani.

Hata baga. "Hamburger" ni kitu cha mji wa Hamburg, Ujerumani, haihusiani na nyama ya nguruwe inayoitwa "ham", lakini watu wakalikata neno pasipo kiungo wakabaki na "burger".

Kwa hiyo risiti yako iko sawa. Ninachokuomba ni upatanisho tu: digadi la mbele limepasuka, madigadi yote mawili yamepasuka. Naona mafundi wengi wanaandika "digadi ya mbele", na hapo ndo ningeshika kalamu nyekundu, manake ukishalipa neno wingi wa ma, umoja wake unataka la.