Kuhama viti kwenye Apache bila kuilaza chini

Kwenye AH-64D, yaani Apache ya DCS World (mchezo wa kompyuta wa kuiga urubani), rubani anakaa nyuma na mpiga silaha mbele. Ukicheza peke yako, namba 2 inakupeleka mbele na namba 1 inakurudisha nyuma. Kuhama kwenyewe hakuna kazi. Tatizo ni hali uliyoiachia helikopta, pamoja na vitufe ambavyo hukuvipanga.

Vitufe kwanza, maana hapo ndipo wengi hukwama. Ukifungua sehemu ya kupanga joistiki utakuta orodha mbili za Apache, ya rubani na ya mpiga silaha, na ulichopanga kwenye moja hakihamii kwenye nyingine. Ndiyo maana mtu anabonyeza 2 halafu kila kitu kinakufa mkononi. Hiyo si hitilafu, orodha ya pili haina kitu. Uzuri ni kwamba kitufe kilekile cha kidole gumba kinaweza kuwa trim (kushikilia usukani ulipouweka) ukiwa nyuma na SLAVE (kuifunga kamera kwenye chanzo ulichochagua) ukiwa mbele. Vitu vya lazima mbele ni hivi: mhimili wa kuzungusha TADS (kamera ya kulengea iliyo puani), SLAVE, kuchagua sight (kifaa unacholengea nacho), kuchagua silaha, leza na triga.

Kabla ya kuondoka nyuma, tuliza mashine. Mabawa sawa, kasi ya nodi 60 hadi 80, futi 300 juu ya miti, kisha bonyeza trim na uachie. Washa attitude hold (inashika mkao), halafu altitude hold (inashika kimo). Altitude hold hufuata rada ya kimo ukiwa chini ya nodi 40 na chini ya futi 1428. Nje ya hapo inafuata kimo cha baro, yaani cha shinikizo la hewa, ambacho hakijui kama mbele yako kuna kilima. Tena mfumo wa SAS, unaotuliza helikopta, una nguvu ndogo, takriban asilimia 10 ya mwendo wa usukani. Ukihama katikati ya kona kali, hautakuokoa.

Ukishafika mbele, George, rubani wa kompyuta, ndiye anayeendesha. Mweke kwenye FLT kwa safari na H-B kwa kuelea. Ukitaka Hellfire ya LOAL (kombora linaloishika shabaha baada ya kurushwa), pua iwe ndani ya digrii 7.5 za shabaha kila upande, kwa hiyo mwambie ageuke mapema, usingoje hadi leza iwe imewaka.

TADS ikigoma kusogea, angalia SLAVE kabla ya kulaumu joistiki. Ikiwa imewashwa, kamera inafuata chanzo ulichochagua na kidole chako hakihesabiki. Ibonyeze mara moja iachie. Mzinga nao ukizunguka kila unapogeuza kichwa, sight yako iko kwenye HMD (kioo cha kofia), siyo TADS. Leza isipofyatuka, nenda ukurasa wa silaha (WPN), kisha UTIL, uwashe LASER. Kitufe cha kufungua silaha kiko viti vyote viwili, lakini hali yake ni moja, hivyo kikiwa SAFE kwa mmoja ni SAFE kwa wote.

Kurudi nyuma ndiko kunakoua. George amepandisha collective (wenzo wa kupanda na kushuka) hadi torque, yaani mzigo wa injini, ya asilimia 80, mkono wako ulibaki kwenye 55. Ukibonyeza 1, mashine inasikiliza mkono wako na kuanza kuzama. Kwa hiyo ukiwa bado mbele, fungua ukurasa wa injini (ENG), soma torque, sogeza wenzo wako ukaribie hapo, achia joistiki ikae katikati, ndipo urudi. Ukifika tu, bonyeza Ctrl ya kulia na Enter uone vidhibiti viko wapi hasa.

Joistiki yako ikiwa ya springi, chagua hali ya trim inayosubiri irudi katikati, kwenye kichupo cha mipangilio maalumu ya Apache. Bila hiyo, kila ukitrim unaipa pua teke.