Kumtathmini senta mrefu wa timu ya chuo: ushauri kwa makocha wasaidizi wapya

Kocha msaidizi anayeanza kazi katika vyuo vyetu vya magharibi mwa Kenya, awe Maseno, Kakamega au Kisumu mjini, hukabidhiwa mapema jukumu la kumtazama senta mrefu, yaani mchezaji wa mpira wa kikapu anayecheza karibu na kikapu, na kuandika ripoti juu yake. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba kimo chake kiandikwe mara moja juu ya ukurasa, kisha kisirudiwe. Kikapu kiko mita 3.05 kutoka sakafuni kwa kila mtu, na kijana mwenye mita 2.05 ana nafuu ambayo hakuitolea jasho. Kazi yako ni kueleza anavyoitumia, hasa anapokabiliwa na mtu mfupi kidogo lakini mwenye nguvu na ujanja.

Anzia kwenye ribaundi, yaani mipira inayorudi kutoka ubaoni. Mrusho unapotoka mkononi mwa mshambuliaji, usiufuate mpira kwa macho, bali mtazame senta. Je, anamtafuta mpinzani wake, anamwekea mgongo na kumsukuma nje kabla ya kuruka, au anasimama tu akiukodolea mpira? Aliyecheza shule ya upili dhidi ya wafupi watupu huwa amezoea kuokota mipira bila kumzuia mtu yeyote, hivyo takwimu zake hupendeza sana mpaka siku atakapokutana na mrefu mwenzake. Hesabu mara alizomzuia mtu, hata kama mpira wenyewe ulidakwa na mwenzake.

Akishaudaka, angalia mikono. Wengi huushusha mpira hadi kiunoni ili wajikusanye kabla ya kuruka tena, na hapo ndipo mlinzi mfupi anapoupokonya. Mpira ubaki juu ya kidevu, viwiko vikiwa vimetanuliwa. Kasoro hii ni ya mazoea, na mazoezi ya kila siku huiondoa, kwa hiyo usiiandike kwa uzito uleule unaoutumia kwa senta asiyeweza kugeuka kwenye mguu wa egemeo bila kuyumba, kwa kuwa miguu mizito huchukua muda mrefu zaidi kurekebishwa.

Muulize pia alikotokea kimichezo. Hakeem Olajuwon, senta maarufu wa zamani wa NBA na mzaliwa wa Lagos, alikuwa mlinda lango wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kuingia kwenye kikapu akiwa kijana wa miaka ya kumi na kitu, na wepesi wa miguu yake mara nyingi huhusishwa na michezo hiyo. Huku kwetu warefu wengi hutoka kwenye voliboli. Huja na muda mzuri wa kuruka, lakini pia na mazoea ya kuupiga mpira kwa nguvu zote, ukatoka nje ya uwanja na kurudishwa kwa wapinzani. Mashabiki hushangilia mrusho uliozuiwa namna hiyo. Mimi naupa thamani zaidi ule uliozuiwa kwa vidole ukaangukia mikononi mwa mwenzake.

Katika ulinzi, tofautisha faulo zake. Mchezaji hutolewa akifikisha faulo 5, na senta mwenye 2 katika robo ya kwanza humlazimu kocha kumketisha. Faulo za kushusha mikono juu ya mrushaji hurekebishika kwa kumfundisha kuiweka wima. Zile zinazotokana na kuchelewa kufika zinakuambia kuhusu kasi na usomaji wa mchezo, nazo ndizo za kutazamwa kwa makini. Kipimo kikali zaidi siku hizi ni pale wapinzani wanapoweka skrini, yaani mmoja wao anasimama kumzibia mlinzi njia, na kumvuta senta nje hadi karibu na mstari wa pointi tatu, mita 6.75 kutoka kikapuni, kisha mlinzi mwepesi anamkabili akidunda mpira. Hatua zake za upande katika sekunde hizo mbili tatu zitakuambia mengi kuliko dakika nzima za kukaa chini ya kikapu.

Kuhusu pumzi, uwe mwangalifu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru takriban 1,850, hivyo senta wa ziwani anayehema Nakuru katika robo ya pili hajathibitisha kwamba ni mvivu wa mazoezi. Vilevile mgeni wa kutoka nyanda za juu aweza kulegea kwa joto la alasiri Kisumu, kwenye kiwanja cha saruji kisicho na kivuli. Mtazame katika mechi ya nyumbani pia kabla ya kuandika neno lolote.

Mirusho huru nayo isipimwe wakati wa kupasha misuli, ambapo karibu kila mtu hufunga. Omba apewe mirusho kumi mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, na uandike kama mpira unapungukia mbele ya kikapu au unapotoka pembeni, kwa sababu kupungukia mara nyingi ni suala la miguu, na kupotoka pembeni ni suala la kiwiko.