Kona ya Maneno: Unaongelea mbuyu upi?

MSOMAJI: Mwalimu shikamoo. Mimi kijana wa Tanga, sa hivi nafanya kazi Nairobi huu mwaka wa pili. Juzi ofisini tulikuwa na kikao kuhusu mzigo wa mteja uliokwama, mi nikasema "jamani tusizunguke mbuyu, tumwambie mteja ukweli", basi mzee mmoja wa Mombasa, yeye ndo anafuatiliaga vibali, akanuna pale pale akaniuliza kwani wewe umeniona nimemhonga nani? Nikabaki mdomo wazi. Radhi nimeomba ila kosa langu mpaka leo sijalijua. Na kama hiyo haitoshi kijana mwenzangu ananiambia wikendi anaenda Machakos kumwona mbuyu wake, mi nikajua anaenda kwenye tambiko. Huu mti una nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kosa huna, na huyo mzee naye hana.

Mbuyu wa huyo mzee ndo ule wa kamusi, kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo, basi. Ukisimama chini ya mbuyu wenyewe utaelewa ulikotoka huo msemo, maana shina lile watu watano mkishikana mikono bado hamkutani, kwa hiyo wawili wakienda upande wa pili wakapeana kitu huku nyuma hakuna aliyeona, wanarudi wanajifuta mikono tu. Ukiambiwa ofisini "hebu zunguka mbuyu" ujue faili lako lina njaa. Ni ndugu yake mlungula na kitu kidogo.

Sasa nyie vijana mmelichukua neno hilo hilo mnamaanisha kuzungusha maneno bila kufika kwenye hoja, na siwezi kusema mmekosea kwa sababu watu wanaelewana na hata redioni nalisikia kila siku. Mbuyu ni huo huo, ila kwa mzee unaficha mkono na kwenu unachosha miguu. Ushauri wangu ni mmoja, mbele ya mtu anayeshughulika na vibali usilitamke kabisa, we sema "tusipindishe maneno", utakula naye chakula cha mchana vizuri.

Huyo wa Machakos anaenda kumsalimia baba yake bana. Kwenye Sheng mbuyu ni baba, kama wanavyosema buda. Mi naona ni ule ukubwa tu, mtu mnene wa nyumba. Ila kuna kitu kinanichekeshaga hapa. Jina la baobab wanalotumia Wazungu, wengi wanalirudisha kwenye Kiarabu, bu hibab, yani baba wa mbegu nyingi, na daktari mmoja Mwitaliano anaitwa Prospero Alpini aliliandika kwenye kitabu chake cha mimea ya Misri mwaka 1592 baada ya kuyakuta matunda yake Cairo. Kwa hiyo vijana wa Sheng wa Eastlands, Nairobi, wamefika kwa baba bila kupitia Cairo.

Na la tambiko wala hukuwa mbali sana, sehemu nyingi watu wanaamini mbuyu una wenyewe, bibi yangu mimi alikuwa hapiti chini yake saa za magharibi hata kama njia nyingine ni ndefu mara mbili.

MSOMAJI: Mwalimu habari za kazi, mimi mama wa watoto watatu, niko Dodoma. Binti yangu alinipigia jioni akiwa chuo ananiambia "mama nasikia una ubuyu, niletee wa moto moto", mi nikampelekea kweli pakti mbili, wakacheka chumba kizima. Sisi kijijini ubuyu tunakoroga kwenye maji au tunatia kwenye uji. Huo wa moto unapikwaje?

JIBU: Mama mwanao alikuwa anataka umbea wa harusi ya jirani. Zamani tulisema umbea, yakaja magazeti ya udaku, siku hizi ni ubuyu na mitandaoni watu "wanamwaga ubuyu" asubuhi mpaka usiku.

Mi nadhani chanzo ni ule ubuyu wa Zanzibar wa rangi nyekundu, sio wako wa uji. Pale wanachukua mbegu na unga wake mweupe, wanachemsha sukari na maji mpaka inakuwa nzito, wanatia rangi, iliki, wengine vanila na pilipili kidogo, halafu wanamwaga mbegu humo wanageuza na mwiko haraka haraka kabla haijaganda. Ukiweka mdomoni huwezi kutafuna, unamumunya, mara tamu mara chachu mara inawasha, mkono unarudi kwenye pakti wenyewe, na ukimaliza midomo na vidole vyote vyekundu huwezi kukataa kwamba umekula. Sasa niambie hapo na umbea tofauti iko wapi. Mombasa wenyewe wanaita mabuyu, hiyo pipi lakini, kwa hiyo ukimwomba mtu wa huko akuletee mabuyu atakuletea ya kula.

MSOMAJI: Kibuyu kinatoka kwenye mbuyu?

JIBU: Hapana, ingawa jina linadanganya. Buyu ndo tunda la mbuyu, lina ganda gumu, na kifuu chake watu wamekitekea maji visimani miaka na miaka. Kibuyu cha maziwa au cha pombe ni cha mmung'unye, mmea unaotambaa chini kama mboga ya maboga. Na kama unaulizia kibuyu chirizi kile cha kunawia mikono kwenye choo cha shule, kile hakitoki kwenye mmea wowote, ni dumu la plastiki lenye tundu limening'inizwa kwenye mti, ukikanyaga kijiti kamba inalivuta linainama maji yanatoka. Jina tu limehama.

MSOMAJI: Mbuyu Twite, yule mchezaji wa zamani wa Yanga, alipewa jina la mti?

JIBU: Wala. Yule ni wa Kongo, na kwa Waluba Mbuyu ni jina la pacha, mwenzake anaitwa Kabange, na kweli ndugu yake ni Kabange Twite na wote wamecheza APR ya Rwanda. Kuhusu Simba na Yanga walivyomgombania 2012, huo ni ubuyu, ukurasa wangu hautoshi.