Maswali ya Wasomaji: Kiingereza kwa simu moja na wanafunzi 84

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi kwa walimu wa Kiingereza. Zilizofanana tumeziunganisha, na jopo letu la walimu wa lugha limejibu sita.

Habari za kazi, walimu. Nafundisha Kiingereza darasa la sita, wanafunzi 84, na simu iliyopo ni yangu tu. Kila semina tunarudi na orodha ndefu ya tovuti, lakini hapa mtandao haushiki mpaka upande mlimani. Tovuti hizo zinanifaa nini? — Mwalimu, Kasulu

Orodha iweke kando, mwalimu. Kwa darasa lako zinatosha mbili, moja ya kusoma na moja ya kusikiliza, na kazi yake yote uifanye siku unayoshuka mjini. Darasani uingie na kitu ambacho kimeshapakuliwa.

Ya kusoma ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014. Hadithi zake ni fupi, zina picha, na nyingi zinapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno ya kwanza hadi aya ndefu. Leseni yake inakuruhusu kuchapa, kutoa kopi, hata kurekebisha maneno, mradi jina la mtunzi libaki. Usichague ngazi kwa kuangalia darasa la mtoto. Fungua ukurasa wa katikati uhesabu maneno ambayo mwanafunzi wako wa kawaida hayajui: yakizidi matano katika ukurasa mmoja, shuka ngazi.

Kuhusu kuchapa: kijitabu cha kurasa 16 kinaingia kwenye karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati. Makundi ya watu sita ni 14 kwa darasa lako, hivyo ni karatasi 56. Mwambie kijana wa stesheneri achape kwa mpangilio wa kijitabu na ageuze karatasi kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini na hela yako imekwenda. Kama hata hizo 56 ni mzigo, andika hadithi kwa kalamu nene kwenye manila mbili, herufi za urefu wa sentimita nne hivi, ubandike ubavuni mwa ubao.

Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye somo la hadithi ni kusoma kwa kuitikia. Mwalimu anasoma mstari, darasa zima linaurudia kwa sauti, na kila anayepita nje anajua watoto wanasoma. Robo yao hawaangalii hata kitabu. Kipimo ni rahisi: wakati unasoma, simama ghafla katikati ya sentensi, kisha mwite mtu mmoja aseme neno linalofuata. Aliyekuwa anafuata kwa kidole atalisema. Fanya hivyo mara nne au tano katika ukurasa mmoja, bila kumkaripia aliyekosa, na vidole vitarudi kwenye mistari vyenyewe. Nakala ya Kiswahili ni ya kwako wewe, ya kuhakiki maana ya maneno matatu manne magumu. Ukiisoma kwanza darasani, hakuna atakayehangaika na ile ya Kiingereza.

Ya kusikiliza, tafuta rekodi zenye maandishi yake kamili. BBC Learning English wana vipindi vya dakika sita, lakini hivyo ni vya kidato cha tatu na kuendelea. Kwa watoto wako tumia LearnEnglish Kids ya British Council, au makala za VOA Learning English, ambazo zinatokana na matangazo ya Special English yaliyoanza mwaka 1959: msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, msomaji asiye na haraka. Pakua sauti, video uziache. Sauti ya kawaida ya MP3 haizidi MB moja kwa dakika, wakati video itamaliza bando kabla hujafika nyumbani.

Kata sehemu ya sekunde 90 tu. Mara ya kwanza wasikilize wakitafuta jibu la swali moja uliloandika ubaoni. Mara ya pili simamisha baada ya kila sentensi. Mara ya tatu ndipo waone maandishi. Spika ya simu haifiki nyuma ya wanafunzi 84, na ukiitumbukiza simu kwenye ndoo sauti inakua lakini konsonanti zinamezwa. Azima spika ndogo ya kuchaji. Ikikosekana, soma mwenyewe yale maandishi. Sauti ya mwalimu nayo ni Kiingereza.

Nilijaribu ile imla ya kukimbia niliyoisoma mtandaoni. Ndani ya dakika tatu darasa limekuwa soko la samaki, na mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Nilikosea wapi? — Mwalimu wa kidato cha kwanza, Lindi

Kwa wasioijua: maandishi yanabandikwa ukutani mbali na madawati, mwanafunzi mmoja anakwenda, anasoma, anarudi kumwambia mwenzake, na mwenzake anaandika. Mchezo huu una kusoma, kukumbuka, kutamka, kusikia na kuandika kwa pamoja, ndiyo maana tunaupenda. Unaharibika kwa sababu nne, na tunadhani kwako zilikutana angalau mbili.

Kwanza, nakala chache. Hukutaja idadi, basi tuchukue wanafunzi 84 kama wa Kasulu: katika makundi ya watatu ni makundi 28, yaani wakimbiaji 28 kwa wakati mmoja. Nakala mbili ukutani ni fujo tupu. Bandika saba, nafasi ya mita mbili kati ya moja na nyingine, na kila moja itahudumia watu wanne. Tumia ukuta wa nje wa baraza kama mvua hainyeshi.

Pili, maandishi marefu. Zaidi ya maneno 60, mkimbiaji anachoka na anaanza kupiga kelele kutoka ukutani. Hapa kuna maneno 44 unayoweza kuyatumia kesho:

*Every Saturday Rehema sells fish at the market. She leaves home at five o'clock because the boats come in early. She buys two buckets, and she washes the fish herself. Her brother carries the ice. By noon everything is finished and they walk home.*

Tatu, hakuna kanuni ya miguu na mdomo. Jina lisikudanganye: watembee. Anayekimbia anarudishwa ukutani kuanza upya. Kusema kunaruhusiwa karibu na sikio la mwandishi tu, na mkimbiaji haruhusiwi kushika kalamu. Hii ya kalamu isisitize, maana mwenye haraka hunyang'anya daftari na kuandika mwenyewe, na hapo zoezi limekufa.

Nne, mtu mmoja anakimbia mwanzo hadi mwisho. Badilisheni zamu kila baada ya sentensi: mkimbiaji anakuwa mwandishi, mwandishi anakuwa mkaguzi, mkaguzi anakwenda ukutani. Dakika 12 zinatosha.

Sasa sehemu ambayo tovuti nyingi huiruka. Makundi yakishabadilishana madaftari na kusahihisha, hesabu ile "s" ya mwisho wa kitenzi. Katika maandishi ya hapo juu ipo mara tano: *sells, leaves, buys, washes, carries*. Daftari likiwa na *She sell fish*, usiseme "mmesahau s". Mwite mkimbiaji wa sentensi hiyo, mpe karatasi asome tena kwa sauti. Akisoma *sell* huku neno liko mbele ya macho yake, tatizo liko kwenye macho na mdomo. Mpe kazi ya kusoma kwa sauti. Akisoma *sells* vizuri, mtume aende ukutani na kurudi: "s" ikipotea njiani, hajaielewa kazi yake, ameibeba kama pambo. Na kama aliitamka na mwandishi hakuiandika, ni sikio. Kosa moja, dawa tatu. Angalia pia walioandika *boats comes* au *they walks*. Hao wameanza kuikamata kanuni lakini wanaipaka kila mahali, na tungewapa alama ya kutia moyo kuliko aliyeacha zote.

Wanafunzi wangu wanasema "My mother he is cooking". Nimefundisha "he" na "she" mpaka nimechoka. — Mwalimu, Malindi

Hapo kuna makosa mawili, na wewe unapigana na moja. La jinsia linajulikana: "yeye" na "a-" havibagui mume na mke. La pili ni kwamba mtoto anatafsiri "mama yangu *a*napika", na ile "a" anaitafutia neno lake, kwa hiyo hata akirekebisha atasema *My mother she is cooking*.

Anza na hilo la pili. Kwa wiki moja, kila maelezo yawe ya sentensi mbili: ya kwanza inaanza na nomino peke yake, ya pili na kiwakilishi. *My mother is cooking. She is tired.* Kisha waandike jozi tano kuhusu watu wa nyumbani mchanganyiko, kaka, bibi, mjomba, shangazi, na wamsomee jirani sentensi za pili tu. Jirani akisikia *He drives a lorry. She sells mandazi*, aseme ni nani kati ya wale watano. Mwenye kukosea kiwakilishi anampoteza mwenzake papo hapo, na hilo linafundisha kuliko kalamu nyekundu.

Kuna tovuti nzuri ya matamshi? Mimi mwenyewe sina uhakika na "ship" na "sheep". — Mwalimu wa shule ya msingi, Kwale

Cambridge Dictionary mtandaoni ina kitufe cha sauti kwa kila neno, Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Chagua kimoja ubaki nacho.

Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, hivyo *hat*, *hut* na *heart* hutoka vinywani mwetu kama neno moja. Kusikia kuje kabla ya kutamka. Andika ubaoni 1 *live*, 2 *leave*. Sema neno moja. Wanafunzi wainue kidole kimoja au viwili, macho wakiwa wamefumba ili wasiigane. Funika mdomo wako kwa kitabu, kwani midomo huvuja jibu. Dakika tano kila siku, jozi moja kwa wiki. Ukifanya jozi sita kwa kipindi kimoja, watachanganya zote sita.

Natumia akili mnemba kama ChatGPT kutengeneza mazoezi. Mwenzangu anasema ni uvivu. — Mwalimu wa sekondari, Morogoro

Uvivu ni kuyatoa bila kuyasoma. Ukiomba "zoezi la wakati uliopita" utapata theluji, treni ya chini ya ardhi na maneno ambayo hata wewe utayatafuta. Taja kila kitu: maneno 80, kiwango cha A2 (ngazi ya pili kati ya sita za kupima lugha za Ulaya), vitenzi kumi vya wakati uliopita, sita kati yake visivyofuata kanuni, mahali ni stendi ya mabasi, mtu mmoja amepoteza mzigo.

Kisha lifanye zoezi mwenyewe kwa kalamu kabla hujaangalia majibu. Utakuta pengo lenye majibu mawili. *She ___ to the market* yenye kitenzi *go* inakubali *goes* na *went*, kwa kuwa hakuna neno linaloonyesha wakati, ongeza *yesterday*. Utakuta pia jibu lililoandikwa kwa kujiamini na si sahihi. Majina ya wanafunzi na matokeo yao usiyaingize humo kabisa.

Na kwa yaliyomo kwenye muhtasari, bado anza na vitabu vya kiada vilivyo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Sisi ni watu wazima 12, tunajifunza Kiingereza jioni baada ya kazi. Wengi tumesoma kwa Kifaransa. Umeme hukatika, intaneti ni ghali. Tufanye nini tuzungumze badala ya kujaza vitabu? — Kikundi cha kujifunza, Bukavu

Hamhitaji umeme. Tengenezeni ratiba ya boti za Ziwa Kivu, Bukavu hadi Goma, ya kubuni: boti sita, saa ya kuondoka, saa ya kufika, nauli. Hayo ni majibu 18. Iandikeni mara mbili: karatasi A ikose tisa, karatasi B ikose tisa nyingine. Kaeni wawili wawili, migongo ikigusana, muulizane mpaka zote zijae.

Mkikaa mkitazamana mtachunguliana. Na msipoandika ubaoni *What time does the first boat leave?* na *How much is the ticket?*, baada ya dakika mbili mtakuwa mmehamia Kiswahili. Jihadharini na saa pia: *seven o'clock* si saa saba yetu, na anayesahau hilo ataikosa boti kwa saa sita. Mliosoma kwa Kifaransa mtasaidika zaidi hapo kwa kufikiria *sept heures*. Mzunguko wa pili fanyeni ubao ukiwa umefutwa, na mbadilishane wenza.