Mpungate wa Jangwani na Maua Yake

SWALI: Asalaam alaikum, Mhariri. Mwanangu aliniletea mche wa mpungate uitwao saguaro, mdogo kama kidole gumba. Ninaumwagilia kila jioni hapa Chumbageni, lakini shina limeanza kulainika upande wa chini. Nifanye nini ili utoe maua meupe kama niliyoyaona pichani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaikum salaam, mama. Tafadhali acha kuumwagilia kuanzia leo, kwa sababu ulaini huo ni dalili ya kuoza. Kwao saguaro ni jangwa la Sonora, kusini mwa Arizona nchini Marekani na kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Mji wa Tucson, ulio katika jangwa hilo, hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, ilhali Tanga hupata zaidi ya 1,000. Shina la mpungate huo lina mikunjo kama marinda ya sketi, ambayo hufunguka mvua inaponyesha ili kuhifadhi maji, kisha hujikunja taratibu wakati wa ukame. Mizizi yake mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi na kudaka hata manyunyu, lakini haistahimili udongo uliotota.

Maua uliyoyapenda hufunguka usiku, popo wakayajia kwa ajili ya nekta, na asubuhi njiwa na nyuki huendelea na kazi hiyo. Ifikapo alasiri ua hufumba, wala halifunguki tena. Yanachanua zaidi Mei na Juni, hivyo matunda huiva mvua za majira ya joto ya huko zikikaribia, na mbegu hudondoka wakati ufaao. Watu wa kabila la Tohono O'odham huyaangua matunda hayo kwa upondo uliotengenezwa kwa mbavu, yaani fito ngumu za ndani ya shina, za saguaro iliyokufa, jambo ambalo mimi hulistaajabia kila nikilikumbuka.

Hata hivyo, ni lazima nikueleze ukweli: saguaro huchanua kwa mara ya kwanza ikiwa na umri wa miaka 35 hivi, nayo huweza kuishi zaidi ya miaka 150. Mche wako, ingawa ni mdogo, huenda una miaka kadhaa tayari. Ung'oe, uuache ukauke kivulini kwa siku chache, kisha uupande katika chungu chenye tundu, kwa changarawe na mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Usiuanike kwenye jua kali, kwa kuwa hata jangwani miche hukulia chini ya kivuli cha miti mingine.

Ukitamani maua mapema, pata kipande cha mpungate wenye mashina bapa yanayofanana na majani, ule wa matunda, nao uupande chunguni, kwa sababu ukiachiwa shambani husambaa.